Maganda hayana haja ya kwenda Pugu

Mfuko wa taka wa nyumba ya kawaida ya Dar es Salaam ni mzito kwa sababu moja: maji. Humo ndani kuna maganda ya ndizi na viazi, mashina ya mchicha, machicha ya nazi, majani ya chai, nusu papai lililoiva kupita kiasi. Makaratasi na chupa hazina uzito wa kumsumbua mtu, tena chupa hazifiki mbali kwa sababu waokotaji huzichambua mapema. Kinachochuruzika kwenye ngazi na kuacha mstari mweusi mpaka getini ni mabaki ya chakula. Zaidi ya nusu ya taka za miji yetu ni za namna hii, na tunazilipia ada kila mwezi ili zipakiwe kwenye lori, zisafirishwe zaidi ya kilomita 30 hadi dampo la Pugu Kinyamwezi, zikaozee huko.

Mimi naishi Upanga, ghorofa ya tatu, na sina ardhi hata ya kupanda mche mmoja. Maganda ya jikoni kwangu hayaendi Pugu. Yanageuka mboji ndani ya ndoo kwenye balkoni, na siku hizi ya majirani kadhaa yanageuka mboji uani, kwenye pipa. Watu wa maghorofani huniambia kwamba hayo ni mambo ya wenye shamba. Sikubaliani nao kabisa. Tunachokosa mjini ni vitu viwili: taka kavu ya kuchanganya na ile mbichi, na mtu wa kuipokea mboji ikishaiva. Vikipatikana hivyo, kazi iliyobaki ni ya dakika chache tu kwa siku.

Dampo la jiji letu limehamahama sana. Wakazi wa Tabata walikwenda mahakamani mwaka 1988 kupinga taka kumwagwa na kuchomwa mlangoni kwao, wakashinda. Jiji lilipogeukia Kunduchi Mtongani, wakazi wa huko nao wakashtaki, na mwaka 1991 Mahakama Kuu ikawapa haki. Ikaja zamu ya Vingunguti, kisha Mtoni, kisha Pugu. Kila lilikohamia palikuwa na watu wenye pua na watoto wenye mapafu kama wetu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na wote tunakula kila siku. Halafu maganda yakifukiwa chini ya lundo la taka hukosa hewa, na yakioza bila hewa hutoa gesi ya methani, ambayo kwa kipimo cha miaka 100 hupasha anga joto takriban mara 28 kuliko uzito uleule wa hewa ya ukaa. Ganda lilelile likioza penye hewa hurudi kuwa udongo. Tofauti hiyo inaamuliwa pale unaposimama na kisu mkononi, kabla halijaingia kwenye mfuko.

Mama yangu amekulia Bukoba, na kwake hili halikuwahi kuwa jambo la kufundishwa. Ardhi ya Kagera iliyo nje ya makazi, ile ya nyasi wanayoiita rweya, ni hafifu. Kibanja kinachozunguka nyumba ndicho chenye rutuba, na rutuba hiyo imejengwa kwa mikono: samadi ya ng'ombe, nyasi zilizokatwa rweya, majivu, na maganda ya ndizi yanayotoka jikoni kila siku kurudi kwenye mgomba uleule. Wachaga nao wamefanya hivyo vihambani tangu enzi. Dada tunayeishi naye, anayesaidia kazi za nyumbani, ametokea Kibosho, huko huko Uchagani. Siku nilipomweleza kuhusu ndoo alinijibu, "Kwani dada, nyumbani nani anatupa maganda?" Wakazi wengi wa maghorofa ya jiji hili wametoka kwenye nyumba za namna hiyo. Tulipopanda ngazi tulikata njia iliyokuwa ikitoka jikoni kwenda kwenye mgomba, basi.

Na niseme wazi kwamba bila dada huyo hakuna ndoo. Yeye ndiye anayemenya viazi. Katika nyumba nyingi za mjini anayeamua ganda liende wapi siye anayesoma makala kama hii, ni yule aliye jikoni saa sita mchana. Kama unataka kuanza, anza kwa kukaa naye na kumsikiliza. Huenda akawa anajua kuliko wewe.

Sasa ndoo yenyewe. Ninatumia ndoo za rangi za lita 20, zile ambazo mafundi huziacha baada ya kupaka nyumba. Unaziosha vizuri, unapasha msumari moto, unatoboa matundu kitakoni na ubavuni kuizunguka ndoo nzima. Ndoo inakaa juu ya vipande viwili vya tofali ndani ya beseni, ili hewa ipite chini na majimaji yasimwagike sakafuni. Juu ninafunika kwa kipande cha chandarua kilichobanwa kwa mpira, halafu mfuniko wa ndoo juu yake bila kuubana. Zipo ndoo mbili: moja inajazwa, nyingine imejaa na inaiva. Zinakaa upande wa balkoni usiopigwa na jua la mchana.

Chini kabisa unatandaza maranda, unene wa ngumi. Kila jioni unamwaga maganda ya siku hiyo, yaliyokatwakatwa madogo, unayafunika kwa maranda mengi kuliko unavyodhani yanahitajika. Kwa kukadiria kwa macho, bakuli moja la maganda kwa mabakuli mawili ya kitu kikavu. Mara mbili kwa wiki unageuza kwa kijiko cha bustani mpaka chini.

Hayo maranda ndiyo siri, na watu wengi wanashindwa hapo hapo. Vijidudu vinavyoozesha vinahitaji kaboni na naitrojeni, na vinafanya kazi vizuri zaidi pale kaboni inapokuwa mara 25 hadi 30 ya naitrojeni. Mabaki ya mboga na matunda yana naitrojeni nyingi na maji mengi. Maranda, maboksi na majani makavu ni kaboni karibu tupu. Ukiweka maganda peke yake, maji yanajaza nafasi zote, hewa inatoka, na vijidudu visivyohitaji hewa vinachukua nafasi. Harufu unayoisikia ni yao. Ndiyo maana mtu akiniambia ndoo yake inanuka simuulizi ameweka nini, namuuliza ameifunika kwa kitu gani.

Kupima ni rahisi. Chota kiasi cha kiganja kutoka katikati ya ndoo, ukamue kwa nguvu. Yakichirizika maji katikati ya vidole, ongeza kikavu na ugeuze. Ukifungua mkono na bonge likamomonyoka lote kama unga, nyunyiza maji. Likibaki limeshikana, mkono umelowa kidogo na pengine tone moja limechungulia kwenye kidole kidogo, usiguse kitu. Fanya hivyo kwa mkono mtupu, ndipo utakapojua pia joto lilipo: katikati ya ndoo inayofanya kazi vizuri kuna uvuguvugu unaousikia wazi hata siku ya Februari. Ila ndoo ndogo haishiki joto kama lundo la shambani, ambalo hufika nyuzi 55 hadi 65 na kuua mbegu za magugu na vimelea vya magonjwa. Kwa hiyo nyama, samaki, maziwa na kinyesi cha paka haviingii humo hata siku moja. Vichwa vya samaki vina supu yake.

Maranda yanatoka kwa mafundi seremala, na Dar es Salaam haina upungufu wa mafundi seremala. Kiroba kimoja kinatosha kwa muda mrefu. Uliza kwanza mbao zilizorandwa ni za aina gani. Zenye dawa sizichukui, wala vumbi la MDF, zile mbao za kiwandani za unga wa mbao uliogandishwa, kwa sababu lina gundi. Trei za mayai za karatasi zinachanika vizuri kwa mkono na zinanyonya maji kuliko kitu chochote nilichojaribu. Wauza madafu wanaacha makumbi marundo kwa marundo. Yanaoza polepole sana, lakini ukiyachambua nyuzi yanaifanya ndoo ipumue. Kabla ya masika nahakikisha viroba viwili vimejaa na vimefungwa ndani, kwa sababu kuanzia Machi hadi Mei hata boksi lililokaa kabatini linashika unyevu.

Jirani yangu wa ghorofa ya nne, mama mtu mzima aliyekaa jengo hili kuliko sisi wote, alinisimamisha kwenye ngazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeambiwa unafuga funza."

Nilimkaribisha ndani aone mwenyewe. Alisimama mbele ya ndoo, akaniomba niifungue, akainama mpaka uso wake ukawa juu ya chandarua. Akanusa, akanyoosha mkono, akachota, akasugua kwa vidole. "Kumbe ni udongo tu," akasema. Halafu akauliza swali ambalo hakuna kitabu cha Ulaya kinacholijibu: "Na machicha je? Mimi natupa machicha kila siku."

Machicha ni mtihani mkubwa wa ndoo ya pwani. Hata baada ya tui kukamuliwa mara mbili bado yana mafuta, na ni mepesi kugandamana. Ukiyamwaga bonge zima yanajifunga, yanachacha ndani ya siku moja kwenye joto letu, na sisimizi wanafika kabla hujamaliza kufunika. Njia inayofanya kazi ni kuyatandaza kwenye sinia yakauke kidogo, kisha kuyanyunyiza membamba kati ya tabaka za maranda, kama mtu anayenyunyiza chumvi. Yakitawanywa hivyo yanaoza upesi na kuipasha ndoo joto. Mwenye kuku asihangaike na hayo yote, awape kuku tu.

Maganda ya machungwa yanaingia, yakiwa yamekatwa madogo na si kwa wingi. Msimu machungwa ya Muheza yanapojaa mjini mengine nayaanika kwanza. Maembe yakifika, mwisho wa mwaka, ndipo vijinzi vya matunda vinapoongezeka kila mahali, na ndipo kufunika kunapohitaji uangalifu zaidi: sukari isionekane juu, hata kidogo. Kokwa za embe hazifai, haziozi haraka na baadhi huchipua humo humo. Ugali uliobaki na wali uliochacha viliwe na kuku wa mtu. Maganda ya mayai nayasaga, maana yakiwekwa mazima yatatoka mazima.

Kuhusu funza, jirani hakuwa amedanganywa kabisa. Ndoo ikilowa, nzi askari mweusi hutaga kwenye kingo zake. Asili ya mdudu huyu ni Amerika, lakini sasa yupo kote kwenye nchi za joto. Si nzi wa chooni. Akikomaa hakai juu ya chakula wala hahangaiki na sahani yako, na funza wake hula haraka ajabu kiasi kwamba maganda ya juma zima hupungua mbele ya macho yako. Kituo cha icipe cha Nairobi kimewafanyia utafiti wa miaka mingi kama chakula cha mifugo, na kwetu wapo wafugaji wanaowakuza makusudi na kuwauza kwa jina la funza lishe. Wanapokomaa hubadilika rangi kuwa kahawia iliyoiva, hupanda kingo za ndoo na kutoka kutafuta pakavu pa kujigeuzia. Kwenye balkoni hilo halipendezi. Mlinzi wa jengo letu ana kuku kwake Gongo la Mboto. Akisikia wameanza kutoka anakuja na kopo lake, anaondoka ameridhika. Asiyewataka apunguze maji na kuongeza maranda, watapungua wenyewe.

Wengine wanapenda nyungunyungu. Wale wekundu wanaosifiwa sana kwenye nchi za baridi hustawi kati ya nyuzi 15 na 25, na balkoni ya Dar mwezi Januari ni mateso kwao. Kuna aina nyingine yenye asili ya Afrika Magharibi, Eudrilus eugeniae, inayohimili joto letu vizuri zaidi, na anayetaka nyungunyungu aulizie hiyo. Pia kuna bokashi ya Wajapani, ambapo mabaki huchachushwa bila hewa kwenye ndoo iliyofungwa, kwa pumba zilizochanganywa na molasi na vijidudu maalumu. Inapokea hata chakula kilichopikwa, jambo jema. Lakini mwisho wake lazima ufukie kile kilichochacha udongoni, na mkaa ghorofani anarudi palepale pa kuuliza udongo uko wapi. Mimi nimebaki na maranda.

Nina neno kuhusu yale majimaji ya kwenye beseni, kwa sababu naona watu wanayajaza kwenye chupa na kuyaita mbolea ya maji. Yametoka kwenye vitu vilivyooza nusu, na yanaweza kuwa na vimelea. Usiyamwagilie mboga, hasa zile utakazokula mbichi kwenye kachumbari. Majimaji mengi ni dalili kwamba ndoo inahitaji kitu kikavu. Nayarudisha juu ya maranda makavu, basi.

Joto linalotutesa sisi linaisaidia ndoo. Miezi miwili hadi mitatu tangu ndoo ijae, yaliyomo yamebaki kama theluthi, meusi, na huwezi kutofautisha ganda la ndizi na shina la mchicha. Harufu yake ni ile ya ardhi iliyonyeshewa, na kweli ni kitu kilekile: bakteria wa udongoni hutengeneza kemikali iitwayo jeosmini, ambayo pua ya binadamu huinasa hata ikiwa kidogo mno. Nachekecha kwa wavu wa dirisha, vipande vikubwa vinarudi kwenye ndoo mpya kama chachu. Kuhakikisha imeiva, napanda mbegu za mchicha kwenye kopo lenye mboji na udongo. Zikichipua zote sawasawa ndani ya siku chache, imeiva. Zikichomoza chache na kunyauka, inahitaji wiki kadhaa zaidi.

Hapo ndipo linapokuja lile la pili tunalokosa mjini, mtu wa kuipokea mboji. Mrehani, mchaichai na pilipili mbili tatu za kwenye balkoni zinashiba haraka. Mboji haichanganywi zaidi ya sehemu moja kwa mbili au tatu za udongo, na vyungu vyenyewe havimezi nyingi. Watu wengi wanaacha kutengeneza mboji siku wanapoipata nyingi. Jibu nililipata kwa wauza miche wa kando ya barabara. Hawa wananunua samadi na udongo mweusi kwa viroba, na kila mche unaotoka kwao unaondoka na udongo. Kijana ninayempelekea alianza kwa kuipima kwenye miche michache ya mipapai, akataka kuona kama italeta magugu au wadudu. Sasa ananipa kiroba kitupu kila ninapopeleka kilichojaa, na dada akitaka mche wa mnanaa au mrehani haulipii.

Mama wa ghorofa ya nne ndiye aliyeleta wengine. Alianza kushusha bakuli lake la maganda kwangu jioni, akafuatwa na familia ya chini yake, na ndoo zangu zikaelemewa. Tukazungumza na msimamizi wa jengo. Hofu yake ilikuwa panya, na ni hofu ya haki. Tulikubaliana pipa liwe la lita 200, litobolewe matundu madogo yasiyopitisha panya, likae juu ya matofali mbali na tangi la maji, na mtu mmoja awe na dhamana ya kulifunika kila siku. Mlinzi akakubali kazi hiyo kwa malipo ambayo kaya zinazoshiriki zinachangia. Pipa linashika joto kuliko ndoo, na linaiva upesi zaidi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazitaka serikali za mitaa kuhakikisha taka zinatenganishwa pale zinapozalishwa. Kenya wana sheria yao ya mwaka 2022 inayosema hivyohivyo kwa kila kaya. Korea Kusini, ambako watu wengi wanaishi kwenye maghorofa marefu kuliko yetu, ilipiga marufuku mabaki ya chakula kwenda dampo tangu mwaka 2005. Hapa Dar, Manispaa ya Kinondoni kwa kushirikiana na jiji la Hamburg ilijenga kiwanda cha mboji Mabwepande, na Bonyokwa taasisi ya Nipe Fagio imeonyesha kwamba taka za mtaa mzima zinaweza kukusanywa zikiwa zimetenganishwa nyumba kwa nyumba. Lakini gari linalopita kwetu lina bodi moja tu. Ukitenganisha vyombo viwili, mbele ya macho yako vinamwagwa pamoja. Hilo linaniuma, kwa sababu linawavunja moyo walio tayari. Mpaka gari la pili lije, pipa la uani ndilo gari letu.

Kwa sasa jengo la jirani wameomba tuwaonyeshe. Nimewaambia wasinunue kitu chochote kwanza. Wamtafute fundi seremala, wajaze viroba vya maranda na kuvihifadhi pakavu kabla masika hayajaanza, kisha wamuulize muuza miche wao anachukua kiasi gani. Wakishapata majibu hayo, nitapanda kwao na msumari wangu tuanze kutoboa pipa.